Kamera Mbili za Mwanasiti

Kamera ya Mwanasiti ilikata roho mbele ya watu, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Ingefia nyumbani kwake, mtaa wa Satellite, ndani ya mkoba, angeizika kimyakimya na maisha yangeendelea. Lakini ilingoja siku ya kupamba, bibi harusi ameshaketi, wanawake wameshavua mabuibui yao, ndipo ikatoa pua yake ndefu nje, ikakoroma, ikakataa kuirudisha ndani. Msichana mmoja mwenye kucha za rangi ya dhahabu akasema, "Kamera nazo huwa zinastaafu, jamani." Mwanasiti alicheka pamoja na wenzake, maana mpiga picha anayenuna haitwi tena, ila lile neno lilimkaa rohoni wiki nzima.

Kwa miaka kumi na minane alikuwa mpiga picha wa upande wa wanawake. Anayezijua harusi za Waislamu wa pwani, hata zikifanyiwa Nairobi, anajua kwamba upande huo una mlango wake na sheria zake. Simu zinakusanywa mlangoni kwenye kikapu. Mwanamume hakanyagi. Mpiga picha lazima awe mwanamke, tena mwanamke mwenye kifua cha kuweka siri, kwa sababu nusu ya hao anaowapiga kule ndani wakikutana naye barabarani wamejifunika mpaka macho. Mwanasiti siri alikuwa nazo za kujaza gunia, na hakuna hata moja iliyowahi kuvuja. Kilichokuwa kinavuja ni wateja, waliokuwa wakienda kwa wasichana wenye kamera mpya.

Sasa Jumamosi ilikuwa inakuja na harusi ya Ummulkheir, binti wa Mzee Abdulrauf wa Lavington, muuza vitambaa katikati ya jiji. Bibi harusi alimpigia simu mwenyewe.

"Bi Mwanasiti, za ukumbini nipige utakavyo," alisema. "Mimi nataka moja tu. Baba akiniozesha msikitini, mimi nitakuwa nyumbani nimefungiwa chumbani na hina yangu. Sitaona kitu. Nataka uso wake wakati ule."

"Si Fahim mpiga picha atakuwa chini na wanaume?"

"Fahim ni wa upande wa bwana harusi. Atampiga bwana harusi mpaka soksi. Baba hatamkumbuka."

Mwanasiti alikubali upesi mno, kisha akakaa kitandani akafikiri. Uso wa Mzee Abdulrauf ulikuwa kufuli. Dukani kwake wateja walijipandishia bei wenyewe kwa kumwogopa. Tena kamera yenyewe haikuwepo.

Na yeye alikuwa na lake moyoni, ambalo hakumwambia Ummulkheir. Alipoolewa Mombasa, miaka thelathini na moja iliyopita, naye alifungiwa chumbani hivyohivyo. Baba yake alikwenda msikitini, akasema maneno, akarudi. Mwanasiti alimuuliza kaka yake Idarus, "Baba alikuwaje?" Idarus alifikiri kidogo akajibu, "Alikula pilau." Basi. Baba alifariki mwaka uliofuata, na hiyo pilau ndiyo habari pekee aliyobaki nayo. Iliuma hadi leo.

Alhamisi saa saba alipanda ngazi hadi kwa Mbuthia, ghorofa ya pili katika jengo moja karibu na Moi Avenue, kibanda cha vioo chenye kamera mpya na mitumba. Alifuatana na Safa, binti wa huyohuyo Idarus, ambaye ni karani katika ofisi ya mawakili mtaa wa pili na alikuwa amekiacha chakula chake cha mchana kwa ajili hiyo. Safa alikuwa na maoni. Safa huwa na maoni.

"Niaje Mbuthia. Shangazi anataka mirrorless," alisema kabla hata hawajakaribishwa.

"Shangazi hajasema anataka nini," alisema Mwanasiti. "Habari za kazi, Mbuthia?"

"Poa tu, Mama Picha. Leta hiyo mgonjwa nione." Mbuthia aliigeuza kamera iliyokufa, akaitikisa sikioni, akaiweka chini taratibu. "Hii imeenda. Pole." Kisha akatoa mbili juu ya kaunta, bei karibu sawa.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyembamba, na lenzi yake fupi inayofunguka na kutoka. "Hii ndio mirrorless ya kuanzia. Haina ile kioo ya ndani, ndio maana iko light hivi. Lenzi unaweza badilisha baadaye ukipata pesa."

Ya pili ilikuwa nene, ina pua kama ya marehemu, ila ndefu zaidi. "Na hii ni bridge, dada ya ile yako. Lenzi imeshikana nayo, hiyo hutoi. Lakini inavuta mara sitini. Watu wa ndege na wanyama ndio hununua."

"Na ipi nzuri?"

"Inategemea, mama. Mwangaza ni kama mvua. Hii ndogo ndani iko na beseni ya kuikinga. Hii kubwa iko na kikombe. Mvua ikiwa mob, hata kikombe itajaa. Ikiwa ni manyunyu, unataka beseni."

Hapo Mwanasiti alielewa kuliko siku zote alizosomewa vipeperushi. Alizipa majina papo hapo. Ile ndogo, laini, inayopenda kutazamwa, akaiita Mwali. Ile nene yenye kuona mbali akaiita Kungwi. Safa alikunja pua.

Wakazijaribu. Katika pembe yenye giza ya kibanda, Mwali alimpiga Mbuthia akatoka kijana wa miaka ishirini na tano, ngozi inang'aa. Kungwi alimpiga palepale akatoka na chengachenga usoni, kana kwamba amepepeta unga. Dirishani mambo yakageuka. Kungwi alinyoosha pua akasoma maandishi kwenye chupa ya chai ya mama mmoja aliyekuwa mwisho kabisa wa mtaa. Mwali alimwona mama huyo kama nukta.

"Unapiganga nini sana?" Mbuthia aliuliza.

"Nyuso," alisema Mwanasiti.

"Basi beseni."

"Nilisema," alisema Safa.

Mwanasiti hakuridhika, wala hakujua kwa nini. Mbuthia, aliyemjua tangu enzi za filamu na hakupenda kuuza kitu kikarudishwa na maneno, alifunga zote mbili kwenye mfuko. "Niachie kitambulisho. Nenda nazo kwa harusi. Jumatatu rudisha moja."

Basi Jumamosi alasiri Mwanasiti alikuwa ghorofani msikitini, upande wa wanawake, Safa ubavuni mwake amepakata mfuko. Imamu alikuwa ameruhusu picha kwa sharti la kutotumia taa, na akinamama walimsogezea Mwanasiti nafasi kwenye ukingo. Chini, mbali, kwenye zulia karibu na mihrabu, Mzee Abdulrauf aliketi akikabiliana na bwana harusi. Fahim alikuwa amepiga magoti ubavuni mwa bwana harusi, mgongo wake kwa mzee, sawasawa na alivyotabiri Ummulkheir.

"Ipi?" alinong'ona Safa, na bila kungoja jibu akamtia Mwali mkononi. "Humu kuna giza kidogo. Beseni."

Lilikuwa jambo la busara kabisa, na Mwanasiti akalifuata. Mzee alinyoosha mkono, akaushika mkono wa bwana harusi. Mwanasiti akainua kamera, akaivuta lenzi mpaka mwisho wake. Mwisho wake haukuwa mbali. Msikiti mzima ulionekana, safi, rangi zimetulia, na katikati yake kichwa cha Mzee Abdulrauf kikubwa kama punje ya dengu.

"Nipe Kungwi," alisema.

"Nani?"

"Kungwi, mwanangu, hiyo nyingine, upesi."

Safa alipapasa. Zipu ikakwama. Maneno ya kuozesha hayachukui hata muda wa kumenya kitunguu saumu. Kungwi alipofika mkononi na kuwaka, bwana harusi alikuwa ameshajibu kwamba amekubali, watu wameshaitikia amina, na mkono wa mzee umeshaachia.

Mwanasiti alijua amechelewa. Alijiona mjinga. Walijaribu kamera pembeni, dirishani, kwenye giza na kwenye jua, wakalinganisha kila kitu isipokuwa pale mahali atakaposimama yeye. Alimwahidi mtoto wa watu kitu kimoja tu, na hicho kimoja kimepita mbele ya macho yake. Sasa Ummulkheir naye angeuliza, na angepewa pilau.

Lakini Kungwi alikuwa ameshanyoosha pua, basi Mwanasiti akatazama tu, kwa kukosa la kufanya. Wanaume walikuwa wamemzingira bwana harusi, wanamkumbatia, wanamtania, Fahim anawazunguka. Mzee Abdulrauf alibaki peke yake kwenye zulia. Hakuna aliyekuwa akimtazama, naye alijua kwamba hakuna anayemtazama. Aliufungua mkono wake wa kulia, ule uliokuwa umeshika mkono wa bwana harusi, akauweka juu ya goti na kuutazama kiganjani. Aliutazama kama mtu aliyekuwa na kitu pale sasa hivi. Kufuli lote la uso lilikuwa limefunguka, na midomo ilimtetemeka.

Mwanasiti alikita viwiko kwenye ukingo, akabana pumzi, akabonyeza. Akabonyeza tena. Alibonyeza mpaka mtu fulani akaja kumgusa mzee begani, uso ukajifunga, na mzee akainuka akiuliza chakula kiko wapi.

"Umepata?" aliuliza Safa, machozi yakimlenga kwa sababu ya ile zipu.

"Sijui. Kikombe hiki."

Kupamba kulikuwa kesho yake mchana, katika ukumbi mmoja Muthangari, na huko Mwali alijua kujipamba. Taa zilikuwa hafifu za rangi ya waridi, hasa zile zinazomuua mpiga picha, lakini kila uso uliotoka ulitoka na nuru. Yule msichana wa kucha za dhahabu alikuwepo. Alichungulia nyuma ya kamera, akajiona, akaomba kupigwa tena na tena. "Bi Mwanasiti, sasa umefika," alisema. Mwanasiti alifurahi, asiseme uongo. Miaka miwili hakuwa amesifiwa hivyo, na njia nzima ya kurudi Satellite alikuwa ameshaamua kubaki na Mwali.

Kabla ya kuondoka ukumbini, alikuwa amekaa na Ummulkheir kwenye chumba cha nyuma na kumwonyesha kazi. Bibi harusi alipitia picha zake mwenyewe kwa Mwali, akisema mashallah, mashallah, vidole vinakwenda mbio. Kisha Mwanasiti akamwashia Kungwi.

"Ina chengachenga," alitangulia kusema. "Nilikuwa mbali. Na kule kushikana mikono kwenyewe kulinipita, nisamehe, nilichelewa. Nilipata cha baadaye tu."

Ummulkheir alitazama. Vidole vyake vikasimama. Aliikuza ile picha, akautazama ule mkono uliofunguka, akarudi usoni, akarudi mkononi. Wanja ulianza kumchuruzika na hakujali.

"Alikaa hivi muda gani?" aliuliza.

"Mpaka walipomwita kula."

Hakurudi tena kwa zile picha nzuri. Safa alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha simu, akiona yote, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na maoni.

Jumatatu saa saba wakapanda ngazi za Mbuthia. Mwanasiti aliziweka zote mbili kwenye kaunta, akamsogeza Mwali mbele kidogo, ili ijulikane ndiye anayekwenda naye nyumbani. Alikuwa na hoja zake tayari. Kazi zake nyingi ni za ukumbini. Wateja wanataka ngozi. Biashara ni biashara.

"Hii ndio inabaki na wewe?" aliuliza Mbuthia.

"Hapana," alisema Safa.

Wote wawili wakamtazama.

"Shangazi, ukumbini unaweza kusogea," alisema Safa. "Unaweza kuweka taa, tutanunua moja ya kusimamisha, nitaishika mimi. Kule juu huwezi kusogea hata hatua." Alimrudisha Mwali kwa Mbuthia kwa ncha ya kidole, akamvuta Kungwi upande wao. Posa ya Safa ilikuwa imepokewa mwezi uliopita, na harusi ilikuwa baada ya Idi. Mwanasiti alijua, lakini hakuwa ameziunganisha hizo habari mbili mpaka sasa, alipoona jinsi yule binti anavyoishikilia kamera aliyoikunjia pua.

Mwanasiti akachukua kitambulisho chake, akakifuta kwa upindo wa mtandio ingawa hakikuwa na vumbi.

"Betri ya pili ya hii uko nayo?" Safa alimuuliza Mbuthia.

"Iko. Lakini hii moja inakaa siku mzima, ya nini?"

"Mimi babangu ni Idarus," alisema Safa. "Huyo hulia pole pole. Itabidi Shangazi amngoje."