Mwalimu Jozi na Moli Tatu za Heli

Walimwita Mwalimu Jozi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Miaka yote aliyofundisha kemia, hakuna kosa lililompandisha mori kama hili: mwanafunzi aambiwe atafute idadi ya atomi katika moli za oksijeni, kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe, azidishe moli kwa ile namba kubwa, sita nukta sifuri mbili mara kumi kwa kipeo cha ishirini na tatu, kisha aweke kalamu chini eti amemaliza.

"Umemaliza nini? Hizo ni molekuli! Oksijeni inatembea na nani?"

Hapo aliwasimamisha wanafunzi wawili mbele ya darasa na kuwashikisha mikono. Hao ndio oksijeni, atomi mbili katika kila molekuli. Haidrojeni na naitrojeni vilevile. Kwa hiyo mwishoni zidisha mara mbili. Halafu alimwita mwingine, yule mwenye maringo kuliko wote, akunje mikono kifuani. Huyo ni gesi ya heli, atomi moja tu, hana habari na mtu. Ukishazidisha kwa ile namba kubwa, basi, ishia hapo. Darasa lilicheka mpaka machozi, na somo halikuwatoka kichwani tena.

Likaja kumtoka yeye. Jamani, maisha hayana adabu hata kidogo.

Alianza kwa kusahau funguo, na nani hasahau funguo? Kisha akarudi kutoka sokoni mikono mitupu, mchana kweupe, akasema soko limefungwa. Mkewe, fundi cherehani, alichukua kikapu akaenda kununua mboga mwenyewe. Wote wawili walimkumbuka baba mzazi wa mwalimu, marehemu, ambaye alianza hivyohivyo akaishia kuwakaribisha watoto wake wa kuwazaa kama wageni.

"Mboga nisahau, sijali, mama watoto," mwalimu alisema. "Lakini darasani siwezi kupotea. Nikipotea darasani, nimebaki nini?"

Wazazi walipoanza kulalamika kwamba anakosea darasani, mkuu wa shule alimwita ofisini. Mkuu mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake zamani, na aliwahi kusimamishwa kuwa heli. Alisema huku macho yake yako mezani.

"Shikamoo, mwalimu wangu. Kesho nitakaa nyuma ya darasa nisikilize kipindi chako. Kikienda vizuri, unaendelea. Kisipoenda..."

"Napumzika. Sema tu, sioni aibu." Alikuwa anaona aibu kubwa.

Asubuhi mkewe alimfunga vifungo vya shati huku akimsikiliza. Alikuwa ameyasikia masomo hayo hadi anayajua.

"Oksijeni?"

"Mara mbili."

"Heli?"

"Peke yake. Mama watoto, mimi si mtoto," alijibu, ila hakuuondoa mkono wa mkewe.

Kipindi kilianza vizuri kupita kiasi. Wawili walishikana mikono. Moli mbili za oksijeni: chaki ilizidisha kwa ile namba kubwa, ikazidisha tena kwa mbili, bila kusita. Mkuu, kule nyuma, alishusha pumzi. Mwalimu akachangamka, akawatania wale wawili wasije wakazoea kushikana, darasa likacheka.

"Haya, moli tatu za heli."

Akaandika tatu. Akazidisha kwa ile namba kubwa. Chaki ikasimama hewani, na yeye akahisi kwamba kuna kitu kinafuata, kitu alichokuwa akikisema kila siku ya maisha yake. Akakipata. Akazidisha mara mbili, akapiga mstari chini ya jibu, akageuka akitabasamu.

"Sawa?"

"Sawa, mwalimu!"

Waliitika wote kwa sauti moja, hata yule msumbufu wa dirishani ambaye hajawahi kukubaliana na mwalimu yeyote. Wakainama wakanakili kwa bidii. Hakuna aliyenong'ona wala kumcheka. Binti wa mbele aliandika huku anafuta machozi kwa mkono wa sweta. Mwalimu akamtazama mkuu.

"Sawa, mwalimu wangu," mkuu alisema.

Ndipo roho ilipomruka. Tangu lini darasa lake likaitikia hivi? Siku zote wamebishana naye, wamezomeana, wamemkosoa hadi nukta. Wanafunzi hawamwonei mwalimu huruma bure. Hapo ubaoni kuna kosa, tena kubwa, na kila aliyemo chumbani analiona.

Akaurudia ubao. Akausoma kutoka juu hadi chini, taratibu, kidole kikifuata kila tarakimu. Akausoma tena. Namba zote zilikuwa nzuri. Namba zote zilikuwa sawa kabisa.

"Wanangu," alisema, bado amewapa mgongo, "nani atanionyesha kosa liko wapi?"

Hakuna aliyenyoosha mkono.