Siagi kwenye Bunduki ya Papa

Kule Masisi Papa alikuwa na bunduki ya kuwindia. Watu waliiita kalibre douze. Mtutu wake ulikuwa laini ndani kama bomba la maji, na risasi yake ilijaa vipunje vya chuma vilivyotawanyika haraka. Haikufaa kwa kitu cha mbali. Ilifaa kwa nguruwe wa pori waliofukua viazi vyetu.

Mafuta ya bunduki hayakupatikana kwetu, kwa hiyo Papa aliipaka siagi ya ng'ombe. Vita vilipokaribia, kila aliyekutwa na silaha alihesabiwa kuwa mpiganaji. Papa akaipaka siagi nyingi isishike kutu, akaifunga katika gunia, akaizika nyuma ya zizi. Hakuwaza mbwa.

Siku ya tatu nilimkuta mbwa wetu amefukua. Kitako cha bunduki kilikuwa nje, naye anakilamba. Nilikimbia nyumbani. Papa alikuwa amekaa na wazee wawili, wanakunywa maziwa. Nilisimama mlangoni.

"Huyu mutoto ni bubu?" mmoja akauliza.

"Anasemaka na ndama tu," Papa akajibu, wakacheka. "Unataka nini, binti?"

"Hapana kitu, Papa."

Niliona haya. Nikangoja wageni waondoke.

Walipoondoka, shimo lilikuwa tupu. Kaka yangu mkubwa alikuwa amepita pale. Wiki nzima vijana wenzake, waliojiandaa kulinda kilima dhidi ya adui, walikuwa wakimcheka: "Weye utachunga kilima na fimbo ya ng'ombe?" Papa alikuwa amemkataza kuwafuata, naye alibaki kwa sababu hakuwa na silaha.

Papa alipoliona shimo, alikimbia hadi njia panda. Mama mmoja aliyekuwa analima pale akamwambia vijana wamekwisha kupanda kilimani, na kaka yuko pamoja nao.

"Ile ni ya nguruwe!" Papa alipiga kelele kuelekea kilimani. "Wale wengine wanapiga kutoka ng'ambo ya bonde!"

Waliorudi walisema kaka alipiga wa kwanza, adui wakiwa bado mbali. Vipunje havikufika hata nusu ya bonde. Risasi za adui zilifika.

Sasa tunakaa Goma, katika mtaa wa Katoyi. Papa huwaambia watu kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba afadhali angeitupa ile bunduki mtoni. Mara mbili nimeanza kumwambia kuwa nilimwona mbwa amefukua. Mara zote mbili aliacha kazi yake, akaniangalia, akangoja. Nikamwuliza kama anataka chai.