Surua ya Mama

Kwetu mgonjwa wa saratani haambiwi. Daktari alipotueleza kuwa uvimbe wa mama ni saratani ya ovari, na kwamba imeshaenea tumboni, mimi na shangazi tulikubaliana tumwambie ni chango tu la uzazi. Mama akaitikia, "Naam, chango," akaendelea kuchambua mchele.

Kaka yangu alikuwa akifanya kazi maabara, Ulaya. Siku moja akapiga simu kunieleza majaribio yao: virusi vya surua vilivyodhoofishwa hutiwa tumboni mwa mgonjwa, vikapasua seli za saratani, kisha seli za kinga, askari wa mwili, zikazinduka kumalizia kazi. Bado ni majaribio tu, alisisitiza. Nami kwa umbea wangu nikamsimulia mama, kana kwamba ni habari za mgonjwa wa watu.

"Surua hii hii yetu?" akauliza.

"Hiyo hiyo, ila imefugwa."

Wiki ile mtoto wa jirani yetu hapa mtaani Malindi akashikwa na surua. Nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama kwa jirani, kampakata mtoto, shavu kwa shavu. Nilipandwa na hasira. Kumjulia hali mgonjwa ni ada, lakini mtu na tumbo lile! Jirani alidhani ni mapenzi tu, akamletea na kahawa.

Tangu hapo kila asubuhi mama alipandisha mikono ya gauni akajikagua ngozi dirishani. Wiki ya kwanza, ya pili. Hakikutoka hata kipele kimoja. Hapo ndipo nilipoelewa, nikajionea haya.

Nikampigia kaka. Akasema surua ya mtaani si dawa, tena ni hatari. Na kwa vile mama aliiugua utotoni, Mkokotoni, askari wake wanaikumbuka, wanaiua mlangoni.

Ilibidi nimwambie, na sikuweza kumwambia bila ya kulitaja lile neno, saratani, kwa ugonjwa wake. Nikalitaja.

"Nshajua zamani, mwanangu. Toka siku ile ya mchele." Akashusha mikono ya gauni. "Lakini miaka hamsini wanaikumbuka surua, na saratani wanayolala nayo hawaijui? Askari gani hawa!"

Akacheka, kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia tangu augue. Kumbe alikuwa akingoja ruhusa yetu.