Baraza Kwanza, Nyumba Baadaye

Shemeji yangu Uweso ni mtu wa mipango. Hilo nalisema mbele ya yeyote, hata mbele yake. Mwaka juzi, baada ya kushona nguo za watu Makorora kwa miaka ishirini, alipata kiwanja nje kidogo ya Muheza, chenye michungwa saba na nyasi za kufika kiunoni. Mpango ulikuwa mwepesi. Familia ihame chumba cha kupanga mjini, ikae shambani chini ya turubai kwa miezi mitatu, nyumba isimame, waingie. Nilimuuliza hiyo miezi mitatu kaipata wapi. Akanijibu kwamba sisi wanawake tuna kipaji cha kukatisha watu tamaa.

Familia yenyewe ni mdogo wangu Mwanamkasi, ambaye wakati huo alikuwa na mimba changa, na binti yao Najat wa darasa la sita. Walihama Oktoba. Nilipokwenda kuwatazama nilikuta turubai la buluu limefungwa kwenye michungwa miwili, kitanda cha chuma kimezama miguu udongoni, na kabati la vyombo, lile la vioo alilopewa mdogo wangu siku ya harusi, limesimama porini limefunikwa kanga. Najat alikuwa anaandika kazi za shule juu ya mfuko wa saruji. Uweso aliniambia wamekuja kupata hewa. Hewa kweli ilikuwepo, nyingi, na ilikuwa inapita na mbu wake.

Fundi wao alikuwa Ernesti, mwashi wa kijijini hapo hapo, Mlutheri ambaye babu yake aliletwa na kazi ya mkonge na ukoo ukabaki. Ana mkono mzuri, simsingizii. Msingi wa nyumba nzima aliumaliza kwa wiki tatu. Hapo ndipo shemeji alipotafakari, akakuna kidevu, akamwambia Ernesti kwamba kabla ya kupandisha ukuta wowote, waanze na baraza.

Nikimsema tu bila kueleza hili nitakuwa namwonea. Makorora walipanga kwa mzee mmoja aliyekaa vyumba vya mbele. Jioni moja, baada ya swala ya magharibi, Uweso alikuwa ameketi barazani na wageni wawili, mwenye nyumba akatoka akamwambia mbele yao, "Uweso, baraza hili lina mwenyewe." Wale wageni wakatafuta viatu vyao, wakaaga. Tangu siku ile, kwa miaka minane, Uweso alipokea wageni amesimama barabarani, mtu mzima na ndevu zake, anazungumza huku akipisha baiskeli. Hata mimi, nisiyempa nafasi ya kupumua, jambo lile liliniuma.

Basi baraza likajengwa, na lilikuwa baraza la kupigiwa mfano. Sakafu nyekundu iliyong'arishwa mpaka unajiona, mabenchi ya saruji pande mbili, nguzo sita, mabati mapya juu. Sijaona baraza zuri kama lile mjini wala shamba. Lilikuwa na kasoro moja ndogo, ambayo mwenyewe hakuiona: halikuwa na nyumba.

Wageni hawakujali. Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Haji, mstaafu wa shamba la mkonge, ambaye kiuno kilikuwa kinamkataza kazi zote isipokuwa kukaa. Akaja na wenzake watatu. Baada ya siku chache fundi Ernesti naye akawa anaketi kidogo kupumzika kabla ya kuanza kazi, mwiko wake mfukoni, na kabla ya kuanza kazi kukawa kunafika adhuhuri. Hapo viliamuliwa vita vya nchi za mbali, bei ya machungwa, na nani alistahili kadi nyekundu. Kahawa ilichemshwa na mdogo wangu, aliyeinama kwenye mafiga na tumbo linalokua. Matofali yaliyopangwa nyuma yakaota nyasi. Uweso aligawa vikombe kwa mikono yake miwili, na sijawahi kumwona mwenye furaha namna ile.

Januari ikapita na miezi mitatu yake. Februari ikapita. Mwanamkasi si msemaji, maneno nyumbani kwetu niliyachukua mimi yote. Lakini mwezi wa tatu mwanzoni, nikiwa nimekuja kumsaidia maana alikuwa amekaribia, alimwita mumewe pembeni akamwambia mbele yangu, "Mimi arobaini yangu sikai kwenye turubai. Nataka chumba chenye mlango. Ukishindwa niambie, nikajifungulie Makorora kwa dada, na nikienda sirudi."

Aliyasema taratibu, na mimi nikaingiwa na hofu, kwa sababu namjua. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini na mwanawe, anakandwa, anakunywa uji wa pilipili manga, hachunguliwi na mwanamume anayepita njia. Chini ya turubai angechunguliwa hata na mbuzi. Uweso akajibu inshallah, ile inshallah yenye maana ya usiniulize tena, akarudi kwa wageni wake.

Mvua ilianguka Ijumaa alasiri. Turubai lilijaa maji, likatoa tumbo kama la mjamzito, likapasuka, likamwaga maji yote kitandani. Tukakimbilia mahali pekee penye paa. Tulikaa palepale Jumamosi na Jumapili, magodoro juu ya sakafu nyekundu. Mwanamkasi alikuwa anayatazama mabati, halafu nguzo, halafu ule mlango wa mninga ambao shemeji aliununua mapema kwa ajili ya nyumba.

Jumatatu asubuhi Mzee Haji na wenzake wakaja, wakakunja godoro moja wapate pa kukaa. Mwanamkasi akanipa kamba. Najat akaleta fito, majirani wawili wanawake wakaleta makuti, tukaanza kufunga nguzo hadi nguzo. Wanaume waliinua miguu tupite, wakaendelea na vita vyao. Tulipoziba upande wa pili kukawa giza, ndipo Mzee Haji akauliza tunafanya nini.

"Chumba cha mzazi," Mwanamkasi akamjibu.

Hakuna mwanamume anayebishana na neno hilo. Wakatafuta viatu vyao mmoja mmoja. Ernesti alibaki kuupachika ule mlango wa mninga, na aliupachika bila kunyanyua macho.

Alhamisi mtoto akazaliwa hospitali Muheza, wa kike, tukamleta barazani, mlango ukafungwa. Nje, Uweso na wageni wake walisimama barabarani kwenye manyunyu wakizungumza, wakipisha pikipiki. Walivumilia wiki moja. Ya pili, Mzee Haji akamuuliza Ernesti ukuta unachukua siku ngapi. Naapa nilikiona kile kiuno kibovu kikibeba matofali mawili mawili. Wakristo, Waislamu, wazee, wote walishika kazi kila mvua ilipokatika, na kabla ya siku ya arobaini vyumba viwili vilikuwa vimeezekwa. Nyumba iliyoshindikana miezi mitano.

Siku ya arobaini mtoto akanyolewa, makuti yakang'olewa. Wanaume walikuja na kanzu safi, wakasimama wanasubiri. Mwanamkasi akatandika mkeka katikati ya ile sakafu, akamlaza mtoto, akaketi. Sisi wanawake tukajaza mabenchi. Uweso alikuwa na birika mkononi.

"Mama Najat," akasema kwa sauti ya chini, "wageni wangu wakae wapi?"

Mwanamkasi alimtazama bila hasira. Akaweka mkono juu ya kifua cha mtoto.

"Baraza hili lina mwenyewe."

Nilikuwa nimekiandaa kicheko changu miezi sita. Nikauona uso wa shemeji, kikanikwama. Aliinamisha kichwa. Kisha akaliweka birika chini, akavua viatu, akaketi sakafuni miguuni pa mwanawe, akashika ncha ya kanga aliyofunikwa mtoto. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Mzee Haji na wenzake walikwenda kukaa chini ya lile turubai lililopasuka, ambalo hakuna aliyekumbuka kulifungua. Kahawa niliwapelekea mimi.