Kimeo cha Deo

Utotoni mwangu, hapa Bujumbura, mtoto hakukohoa mwezi mzima akaachwa na kimeo chake. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Sisi tulikiita kirimi. Watu waliamini kwamba kikirefuka, mtoto anakohoa, anatapika, anakonda, na kisipokatwa anakufa. Mimi pia niliamini. Ningekataaje, na bibi yangu alikuwa amewakatisha kirimi watoto wake wote sita?

Tulikaa mtaa wa Gihosha, na vita ilikuwa imepamba moto. Kila jioni bunduki zilianza kulia milimani tukiwa bado kwenye sahani, na baba akawa na amri moja. "Mukimaliza kukula, mulale chini palepale," alisema. "Risasi inapita juu ya mutu mwenye amelala." Tulishindilia ugali na maharage haraka haraka, tukajinyoosha sakafuni bila hata mto.

Mdogo wangu Deo, wa miaka minne, akaanza kukohoa. Mchana alicheza vizuri tu. Akilala ndipo kifua kilipombana na kupiga miluzi, na asubuhi alilalamika kwamba mdomo wake ni mchachu. Dawa ya kikohozi haikufua dafu. Bibi akamfunua mdomo, akachungulia. "Ni kirimi," alisema. "Muite mzee amukate, mutoto asitufie."

Mzee mkataji alikuja mchana na kijiko na waya uliopindwa. Mimi ndiye niliyeshika kichwa cha Deo. Nilikuwa na miaka tisa, nikajiona mtu mzima. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Mzee akatuonyesha kinyama kwenye jani, bibi akapiga vigelegele. Lakini damu haikukatika. Baba akambeba Deo mbio hadi barabarani, askari wakamrudisha kwa sababu mapigano yalikuwa yamefunga njia. Deo alikufa mikononi mwake, jua halijazama. Bibi alisema tulichelewa kumkata, na sote tukakubali.

Mwaka jana binti yangu alishikwa na kikohozi cha namna ile ile. Daktari, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, hakuanza na koo. Aliniuliza mtoto akishakula anakaa muda gani kabla ya kulala. Nikajibu kwamba analala palepale. Akanieleza kuwa mtu akilala ameshiba, asidi ya tumbo inaweza kupanda hadi kooni, matone yakaingia kwenye njia ya hewa na kifua kikabana. Tumlishe mapema, akasema, na kitanda tukiinue upande wa kichwa.

Nikamkumbuka mdogo wangu. Deo hakuwahi kukohoa hivyo kabla ya ile amri ya baba ya kulala chini tukimaliza kula. Siwezi kuapa kwamba ugonjwa ulikuwa huo huo, maana hakupimwa na mtu. Ila mikono yangu ndiyo iliyomshika.

Binti yangu amepona. Baba, ambaye sasa ni mzee sana, alinipigia simu kuuliza daktari aliona nini. Hadi leo yeye humshukuru Mungu kwamba katika vita ile hakuna risasi iliyomgusa mtoto wake hata mmoja. Sikuwa na moyo wa kumweleza. Nilimwambia ni vumbi tu, naye akamshukuru Mungu tena.