Namba Moja kwenye Fomu ya Moto

Gari la zimamoto lilikaa Sumbawanga, juu kwenye baridi, na samaki walikaushwa ziwani, chini kwenye joto. Kati yao kuna barabara ya vumbi inayoshuka kwa kona nyingi. Sajenti mmoja wa zimamoto aliyehamia kutoka Mbeya alinieleza jambo hilo siku moja nikimwoshea gari.

"Wakipiga simu sasa hivi," alisema, "sisi tunafika kuokota misumari."

Mimi nilikuwa kibarua. Shule niliacha darasa la sita, si kwa kukosa akili, ila sikuweza kukaa. Nimechoma matofali Izia. Nimeishi Chanji chumba kimoja na fundi redio mpaka nikajua redio inavyofanya kazi, nilipojua nikaondoka. Pale zimamoto niliosha gari na kuuliza maswali: mpira huu unatoa maji kwa nguvu gani, kwa nini moto wa mafuta hauzimwi kwa maji, nani aliyegundua povu. Sajenti alichoka kunijibu, lakini aliupenda mwandiko wangu. Kwa hiyo alipotakiwa kwenda kupanga kinga ya moto kwenye mwalo mmoja, pale boti zinaposhusha samaki, upande wa Kirando, alinichukua nimwandikie.

Mpango wenyewe ulikuwa na akili. Kama gari haliwezi kufika, basi moto usianze. Tupite banda kwa banda, tuandike kila chenye hatari, tukipange kuanzia kibaya zaidi, kisha namba za juu tuziondoe. Fomu ilikuwa na maswali matatu: una moto wa wazi? Una mafuta? Unalala humu ndani?

Mwalo ule ulikuwa na mabanda yapata sitini, ya mabanzi na nyasi, yamebanana kama meno. Mbele yake vichanja vya dagaa, nyuma yake majiko ya udongo ya kubanikia samaki aina ya migebuka. Tukapita siku mbili tukiuliza, na siku mbili tukadanganywa.

"Moto? Sisi hatuna moto hapa, afande," alisema mama mmoja, moshi unamtoka nyuma ya mgongo.

"Na huo?"

"Ukungu wa ziwa."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Sajenti naye akacheka, akaniambia, "Andika hapana."

Tajiri wa mwalo, yaani mwenye boti na injini nyingi kuliko wote, alitupokea kwa ugali na migebuka miwili kila mtu, akamwita sajenti "mkuu" kila alipofungua mdomo. Nyuma ya banda lake kulikuwa na rundo la nyavu kuukuu. Nyavu haziwi na harufu ya petroli. Nikasogea, nikainua pembe moja, nikaona mapipa manne na madumu ambayo sikumaliza kuyahesabu.

Nikarudi mezani. "Tajiri, kule nyuma kuna—"

Sajenti akanikanyaga mguu chini ya meza. Tajiri akatabasamu.

"Msaidizi wako ana macho, mkuu. Mwongezee samaki, mdomo upate kazi."

Niliongezewa. Nilikula. Kwenye fomu, mstari wa mafuta, niliandika hapana.

Siku ya tatu asubuhi tulifika banda la mwisho, upande ule upepo unakotokea. Alikaa humo bibi mmoja mjane, mwembamba, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Banda lile ndilo lililokuwa nyumba yake. Hakuwa na shamba juu wala mtoto mjini. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akatutolea vigoda.

"Bibi, una moto wa wazi?"

"Ninao."

Sajenti akainua kichwa. Hilo lilikuwa jibu la kwanza la kweli ndani ya siku tatu.

"Unauzima saa ngapi?"

"Haujazimwa tangu nilipoachiwa na mama mkwe wangu. Njoo uone."

Ulikuwa ndani ya chungu kikubwa kilichozikwa mchangani mpaka shingoni, makaa yamelala chini ya majivu, mtungi wa maji pembeni. Pale mwaloni hakuna aliyewasha moto kwa kiberiti. Kila asubuhi wapika samaki walikuja na vigae vyao, bibi akawachotea kaa moja moja, na jioni kila aliyechukua alirudisha gogo la kuni. Niliomba nikae nitazame. Sajenti akaenda zake kunywa chai, mimi nikakaa siku nzima, na kesho yake pia.

Hiyo kesho yake ndiyo nisiyoisahau. Upepo ulianza mapema, maji yakawa na povu. Wanawake walikuja na vigae. Bibi akasimama mlangoni, akatazama moshi wa chungu chake unakwenda wapi, akachota majivu, akafunika.

"Leo hakuna moto. Kaleni viporo."

"Bibi, samaki wataoza!"

"Waoze. Bora mnuke kuliko mnukie."

Wakacheka, wakaondoka wakinung'unika. Mpishi wa tajiri, bwana mnene, alibaki akibembeleza.

"Tajiri atanifukuza, bibi yangu."

"Akikufukuza njoo nikuoe," alisema bibi, na akamrudisha na kigae kitupu.

Nilimuuliza maswali mpaka akaniuliza kama nililishwa kasuku. Alinieleza upepo gani ni wa moshi tu na upepo gani hauna mzaha, na kwamba tangu ashike chungu kile halijaungua banda hata moja. Niliandika yote pembeni mwa daftari langu. Kwenye fomu hapakuwa na mstari wake. Kwenye fomu niliandika: moto wa wazi, hauzimwi mchana wala usiku, mwenye banda analala humo ndani. Sajenti alipozipanga fomu, wenye hapana walikwenda chini. Juu kabisa, namba moja, akakaa yule aliyesema kweli.

"Afande," nilisema, "huyu bibi ndiye anayewazuia wenzake."

"Nitaandika hivyo wapi? Mkubwa wangu anataka namba."

Amri ilisomwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Chungu kizimwe. Bibi abaki na banda lake kwa sharti moja: akionekana tena na moto, anaondoka mwaloni. Mwenyekiti alikubali haraka, apate kwenda kwenye shughuli zake. Ndoo ya maji nilipewa mimi.

Nikamwaga. Chungu kililia, kikapasuka upande mmoja, mvuke ukanipiga usoni. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini.

"Wewe mwenye maswali. Uliandika kila nilichokuambia?"

"Ndiyo, bibi."

"Na habari ya upepo?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeridhika. Nilitamani anitukane.

Sajenti alirudi juu. Mimi nilibaki, kwa kuwa mpango ulitaka mlinzi wa moto. Nilipewa kizibao kinachong'aa na filimbi, na ahadi kwamba nikifanya vizuri nitatafutiwa kazi ya kudumu. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na nguo ambayo watu waliipisha njia. Kila asubuhi nilianzia banda la bibi, nikatia mkono kwenye majivu ya chungu kilichopasuka, baridi, nikaandika baridi. Alikuwa akinitazama nikifanya hivyo. Samaki wake alianza kuwauza wabichi, bei ya kutupa.

Wengine wakajinunulia viberiti. Lakini kuni za ziwani zina unyevu, na kiberiti hakina subira ya kaa. Haikupita wiki wakagundua njia ya mkato: tone la petroli ya injini juu ya kuni, njiti moja, jiko limewaka. Tajiri ndiye aliyekuwa nayo. Aliwauzia kwa chupa. Nilipuliza filimbi mara ya kwanza, wakaniigiza kwa midomo, piii, piii, mwalo mzima. Mara ya pili tajiri aliniita, akaniwekea sahani. Sikupuliza tena.

Siku moja upepo ulikuja kwenye saa nne asubuhi, boti zimeshashusha, dagaa wametandazwa. Hakukuwa na mtu wa kusema leo hakuna moto. Bibi alitoka mlangoni, akatazama maji, akapaza sauti: "Msiwashe! Jamani, msiwashe!" Mmoja akamjibu, "Bibi, wewe si ulistaafishwa?" Wakacheka. Nilikuwa hatua thelathini kutoka jiko la tajiri. Nilimwona mpishi akiinamisha chupa. Filimbi ilikuwa shingoni mwangu.

Sitaeleza sana. Moto ulipanda mkononi mwake, akaitupa chupa, na chupa ilijua pa kwenda: lile rundo la nyavu kuukuu. Mapipa yaliposhika sikusikia kitu kingine kwa muda. Upepo uliusukuma moto banda kwa banda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tulivuta watoto, tukawakimbiza majini. Hakufa mtu. Mpishi aliungua mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko; nilimsikia akimwita mama yake, mtu mzima yule. Zaidi ya mabanda arobaini yakawa majivu. La bibi, kwa kuwa lilikuwa upande unakotoka upepo, halikupata hata cheche.

Gari lilifika alasiri, limepigwa vumbi. Watu walikuwa wamekaa mchangani weusi kama vyungu. Mmoja akasimama akapiga makofi. "Karibuni, wageni! Chakula kimeshaiva!" Sajenti alimwaga maji juu ya majivu kwa sababu alikuwa ameyabeba.

Kikao kilifanyika kesho yake, pale pale mchangani. Mwenyekiti aliomba karatasi isomwe. Sajenti akasoma: namba moja, moto wa wazi, hauzimwi. Akasita. Nadhani alitaka kusema kitu. Tajiri akamtangulia.

"Serikali ilituonya, sisi tukamhurumia. Na tazameni banda lake. Limeungua?"

Watu wote waligeuka kutazama banda. Lilikuwa limesimama peke yake, nyasi zake za manjano, safi. Niliona nyuso zikibadilika. Mtu aliyepoteza kila kitu hahitaji ushahidi mwingi.

"Chungu changu kilikufa," alisema bibi. "Mwulizeni huyu. Anakishika kila siku."

Sajenti akanigeukia. "Mlinzi. Alikuwa na moto au hakuwa nao?"

Daftari lilikuwa mfukoni. Baridi, baridi, baridi, kurasa nzima, na hata siku ile ya upepo. Mpishi hakuwepo, alikuwa amelazwa. Tajiri alikuwa ananitazama kama anayehesabu samaki niliokula. Nikifungua daftari, watauliza moto ulitoka wapi. Nikisema ulitoka wapi, watauliza mafuta yaliandikwa wapi. Na chini ya ile hapana kulikuwa na mwandiko wangu.

"Asubuhi ile sikuwahi kufika upande wake, afande," nilisema.

Bibi alinitazama jinsi alivyokuwa akiutazama moshi wa chungu chake.

Alipewa mpaka saa sita mchana awe ameondoka mwaloni. Hakuwa na mengi: sufuria, blanketi, kile kigoda. Nilimfuata nikataka kumbebea mzigo. Akausogeza upande wa pili.

"Wewe kazi yako kuandika," alisema. "Andika nimekwenda."

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Hata sasa unauliza?"

Akapanda barabara inayoelekea juu. Hajafika kona ya kwanza, watu walikuwa wameshaanza kung'oa nguzo za banda lake wajengee yao. Nguzo mbili nzuri alizichukua mtu wa tajiri. Bado zilikuwa na weusi wa moshi wa chungu kile.

Kazi ya kudumu nilipata, nikaiacha baada ya miezi minne, kama kawaida yangu. Kabla ya kuondoka mwaloni, sajenti alinipa fomu niikamilishe apeleke kwa mkubwa wake. Kila hatari ilikuwa na nafasi ya kuandika hatua iliyochukuliwa. Nilikaa juu ya rundo la nyavu mpya nyuma ya banda jipya la tajiri. Zilikuwa na harufu ile ile. Nikatafuta mstari wa namba moja, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: imeondolewa.