Chombo Kisicho na Pangaboi

Kila ninaponusa mafuta ya taa, naiona sakafu ya jikoni kwetu Msambweni, nami nimepiga magoti nikichora kwa mkaa. Nilikuwa nikibuni chombo cha kuruka kutoka kwetu hadi kisiwa cha Wasini kabla wali haujaiva. Hakikuwa na pangaboi la kuzunguka mbele. Kilikuwa na bomba moja refu, linalotema moto nyuma.

Kaka yangu, aliyewahi kuziona ndege Mombasa, alicheka mpaka akashika mbavu. "Bila pangaboi nani atakisukuma? Jini?"

Machozi yalinilengalenga. Mama alikuwa akiipiga pampu stovu yake, nayo ikivuma kwa moto wa buluu. Aliinama akautazama mchoro.

"Moto utakisukuma," alisema. "Lakini mwanangu, mbele umeziba. Moto ukikosa hewa huzimika. Chombo chako kinapumulia wapi?"

Nikaifuta pua ya chombo, nikakichorea mdomo mpana kama wa samaki chewa. Ndani nikatia pampu ya kuibana hewa, kisha matone ya mafuta, kisha moto. Nikamweleza kaka, kidole changu kikiifuata njia ya hewa: inaingia, inabanwa, inawaka, inafyatuka nyuma, na chombo kinakwenda mbele.

Aliuzunguka mchoro mara mbili akitafuta kosa. Halafu akachuchumaa kando yangu.

"Mimi nitakaa wapi?" aliuliza.

"Nyuma," nilimjibu. "Mbele tunakaa mimi na mama."